Jicho la Kushoto

Ukisimama kwenye taa za Mwenge saa kumi na moja jioni, pale Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na ile ya Bagamoyo, unaweza kuapa kwamba hakuna sheria inayofuatwa. Bodaboda zinapenya panapopitika na pasipopitika. Makonda wanaita abiria wa Tegeta na Kawe huku nusu ya miili yao ikiwa nje ya gari. Hata hivyo ipo sheria moja ambayo wote wanaifuata, tena bila kuifikiria: tunaambaa kushoto, na dereva anakaa kulia. Dereva anakuwa upande wa katikati ya barabara, jirani na gari linalomjia, na abiria anakuwa upande wa mtaro. Asiye na upande ni dereva wa bajaji, maana yeye usukani wake uko katikati.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasubiri kuvuka kwenda kwenye soko la vinyago, taa nyekundu ikasimamisha magari mawili yaliyofuatana. La mbele lilikuwa lori la kifusi, nyuma limeandikwa kwa herufi kubwa: LEFT HAND DRIVE. Dereva wake alikaa kushoto, karibu yangu kiasi kwamba ningeweza kumpa mkono. Nyuma ya lori kulikuwa na Toyota ndogo yenye namba za IT, gari la kupita njia tu, limetoka bandarini linakwenda nchi jirani. Dereva wake pengine alipitia nyumbani kuchukua begi la safari.

Hakuna aliyegeuka kuyatazama. Mimi niligeuka, kwa sababu magari yale yalikuwa na ugonjwa mmoja. Lori lilikuwa tayari linaumwa, hapa hapa mbele yetu. Toyota ilikuwa nzima. Kama safari yake ilikuwa ya Burundi au Kongo, ingeugua ikishavuka mpaka.

Ugonjwa huo naujua kwa sababu niliwahi kuwa dawa yake.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura. Miaka michache iliyopita alikuja Dar es Salaam kuchukua Probox aliyoiagiza kutoka Japani, na kwa kuwa nilikuwa likizo akaniomba nimsindikize. Kutoka Dar hadi Kabanga, wilayani Ngara, sikuwa na kazi yoyote. Nilisinzia Morogoro, nikaamka Dodoma, nikala kuku Singida, nikalalamikia joto Nzega. Shemeji alikuwa akiyapita malori bila kuniuliza chochote, maana macho yake yalikuwa pale yanapotakiwa kuwa.

Tulipovuka kuingia Kobero, barabara ikahamia kulia. Gari halikuhama. Shemeji alisimama pembeni, akafunga mkanda upya, akanigeukia.

"Sasa shemeji, usilale tena. Wewe ndiye jicho langu la kushoto."

Nilidhani anatania. Kilomita chache mbele, kwenye milima ya kuelekea Muyinga, tukalikuta lori la kreti za bia likipanda kwa kukokota. Kutoka kwenye usukani, upande wa mtaro, shemeji aliona bodi la nyuma la lori na hakuona kingine. Mimi, niliyekaa upande wa katikati, ndiye niliyeiona barabara.

"Kuna kitu?"

"Kuna basi linakuja."

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Njia nyeupe."

"Una hakika?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Hakika ya nini? Sikujua Probox ile ina nguvu kiasi gani mlimani. Sikuwahi maishani mwangu kulipita gari nikiwa nimekaa upande ule. Na hata kama ningekuwa dereva hodari, jicho lilikuwa kichwani mwangu, mguu wa mafuta ulikuwa wake, na katikati ya viwili hivyo kulikuwa na maneno. Neno linachukua muda kutamkwa, kusikika na kuaminiwa. Basi linalokuja halisubiri maneno yaishe.

Nilimuuliza anafanyaje akiwa peke yake. "Nafuata mkia wa lori mpaka lichoke," alisema. Na ukiwa na haraka? Akacheka kidogo. "Natoa pua."

Kutoa pua, kwa gari la aina ile, maana yake ni kutoa karibu gari zima kwenye njia ya wenzako ndipo uone kama wenzako wapo. Dereva aliyekaa upande sahihi anachungulia kwa kusogea kidogo tu, kichwa chake kiko karibu na mstari wa katikati. Aliyekaa upande wa mtaro anapopata nafasi ya kuona, bodi la gari lake limeshafika mbali kuliko macho yake. Hapo ndipo ilipo hatari ya usukani usio wa upande wake.

Jua lilipozama tukakutana na tabu ya pili. Kila gari lililotujia lilitupiga taa kwa hasira. Shemeji alikuwa ameshusha taa zake, akizishusha tena na tena, lakini hazikuwa na pa kushuka zaidi. Taa ya gari iliyoshushwa haimuliki sawasawa pande zote mbili. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za kuambaa kushoto hunyanyua mwanga kidogo upande wa kushoto, ili dereva aone mtembea kwa miguu aliye ukingoni, na hulaza upande wa kulia ili asimpofushe anayekuja. Ukilivusha mpaka, kushoto si ukingoni tena. Mwanga ule unainuka na kuingia machoni mwa anayekuja, hata kama dereva ni mstaarabu kupindukia.

Tabu ya tatu niliiona asubuhi mjini Bujumbura. Hiace iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Hapa Mwenge mlango huo unakushusha kando ya barabara. Kule unakushusha katikati. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi anashuka akiwa uso kwa uso na magari, na konda anafanya kazi ya trafiki ili abiria wake wazunguke nyuma ya gari kufika ng'ambo.

Nimesimulia ya Burundi kwanza ili nisionekane nawanyooshea kidole jirani. Lori la kifusi pale Mwenge ni shida hiyo hiyo iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Dereva wake yuko upande wa mtaro wetu. Akitaka kulipita gari kwenye barabara ya njia mbili, anamtegemea utingo. Upande wake wa kulia, ule ambao sisi wengine tunautumia kumpita, ndio upande ambao macho yake yanafika kwa shida. Ukijibanza pale ubavuni mwa tela lake, yeye hakujui. Haki itendeke pia: dereva huyo, kuliko wenzake, anawaona vizuri waendesha baiskeli na bodaboda wanaopenya kushoto. Usukani huo unampa kitu na kumnyang'anya kitu. Bahati mbaya anachonyang'anywa ndicho kinachohitajika zaidi kwenye barabara kama ya Dodoma au ya Tunduma, ambako ajali mbaya ni za uso kwa uso.

Ilikuwaje eneo moja, watu wanaooana na kuuziana ndizi, wakawa na barabara za pande mbili? Hakuna babu yetu aliyeulizwa. Mwaka 1919 Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji waligawana koloni lililokuwa la Wajerumani. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi ikaenda kwa Mbelgiji. Mazungumzo yao hayakuwa ya magari, lakini kila mmoja alikuja na desturi ya kwao, Mwingereza na kushoto kwake, Mbelgiji na kulia kwake. Mwaka 1921 Wabelgiji wakapewa pia maeneo yao bandarini Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne, mizigo ya nchi za kulia inapita kwenye bandari ya nchi ya kushoto. Zamani ilikuwa pamba na shaba. Siku hizi ni pamoja na magari yenyewe.

Hata lugha imeshapiga kura. Mzunguko wa barabara sisi tunauita kipilefti, neno tulilolinyofoa kwenye kibao cha Mwingereza kilichoamuru watu waambae kushoto. Shemeji aliposikia nauita kipilefti mzunguko wa katikati ya Bujumbura, ambao magari yake yanauzunguka kwa kuambaa kulia, alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Kwetu basi mngekiita kipiraiti," alisema.

Tukihesabu nchi leo, sisi wa kipilefti ndio wachache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane. Wanaoambaa kushoto ni Tanzania, Kenya na Uganda. Wanaoambaa kulia ni Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Watano kwa watatu. Lakini gari la bei nafuu la eneo zima linatoka Japani, na Japani wanaambaa kushoto. Ndiyo maana Mogadishu na Hargeisa utaziona Toyota za usukani wa kulia zikiambaa kulia, sawa na Bujumbura.

Wapo wanaosema dawa ni moja: piga marufuku. Rwanda ilijaribu. Mwaka 2005 ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia, na baadaye ikalazimika kulegeza kwa upande wa malori, kwa kuwa wasafirishaji wake walikuwa wanashindana na wa Tanzania na Uganda wanaonunua malori kwa bei ya chini. Imewahi hata kutafakari kuhamisha barabara zake zote zije kushoto. Sikubaliani na wanaoiona marufuku kuwa suluhisho rahisi. Mwalimu wa Ngozi, kule Burundi, mwenye akiba ya Probox hapati fedha za kununua gari la Ulaya kwa sababu tu serikali imetoa tangazo. Atabaki kwenye pikipiki, na pikipiki mlimani usiku haimuokoi.

Wengine wanasema hamisheni barabara. Imewahi kufanyika. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Kisa chake kinatuhusu: Waswidi waliambaa kushoto huku magari yao mengi yakiwa na usukani wa kushoto, yaani nchi nzima ilikuwa kama lori letu la kifusi. Baada ya kuhama ajali zilipungua kwa muda, kwa sababu kila mtu aliendesha kwa hofu. Hofu ilipoisha, zikarudi. Ghana ilihamia kulia mwaka 1974. Samoa ilifanya kinyume mwaka 2009, ikahama kulia kwenda kushoto ili wananchi wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Kisha kuna Myanmar, iliyohamia kulia mwaka 1970 bila kuyahamisha magari, na kwa miongo mingi abiria wake wakawa wanashukia katikati ya barabara. Samoa ni visiwa na Sweden ilikuwa na fedha. Burundi na Kongo wana nchi za jirani pande zote, na hao majirani hawako upande mmoja. Ukihama huku unagombana na kule.

Nina somo la karibu zaidi, na halihitaji ndege. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, watu walishangaa kuona milango upande wa kulia. Kwa daladala mlango kama huo ungekuwa kifo. Kwa mwendokasi ni usalama, kwa kuwa vituo vimejengwa katikati ya barabara na mlango unafungukia jukwaani. Basi, njia na kituo vilipangwa kwa pamoja. Kulia au kushoto peke yake hakumuui mtu. Kinachoua ni gari lililopangwa kwa barabara fulani kupelekwa kwenye barabara nyingine, kisha wote tukajifanya kwamba hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naielekeza kwetu tulio na bandari. Sheria zetu na za jirani zinalihesabu gari hilo kuwa ni la mtu mmoja: leseni moja, dereva mmoja, kosa moja. Kwa kweli ni gari la watu wawili. Linahitaji macho ambayo hayamo kichwani mwa dereva, na macho hayo hayana mafunzo, hayana leseni wala hayaandikwi kwenye karatasi yoyote. Kama tumekubali magari haya yaendelee, na kwa bei za sasa tumekubali, basi tumalizie sentensi tuliyoianza: tuyatafutie macho.

Yapo macho ya bei ndogo. Malori ya Ulaya yanapovuka kuingia Uingereza yana shida ile ile ya lori letu la Mwenge, na Waingereza waliwahi kuwagawia madereva wake karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye dirisha la abiria, lenzi ya Fresnel, inayomwonyesha dereva kilichojificha ubavuni mwake. Na Mwingereza anayepeleka gari lake Ufaransa hubandika kijistika kwenye taa ili mwanga usiinuke machoni mwa wenye nchi.

Kijistika hicho kingeweza kubandikwa Kabanga, au Rusumo kwenye mpaka wetu na Rwanda. Si bandarini, kwa sababu gari la IT bado lina safari ndefu ya kuambaa kushoto, na ukigeuza taa zake Dar es Salaam litatupofusha sisi. Pahali pake ni mpakani, kwenye vituo ambako maofisa wa nchi mbili tayari wanakaa chini ya paa moja wakigonga mihuri. Mhuri unagongwa, taa inabandikwa, dereva anaelezwa kwa dakika kumi nini kimebadilika. Daraja jipya la Rusumo, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa mwaka 2016 na marais wa nchi mbili. Nchi iliyotuuzia magari ndiyo iliyotusaidia kulijenga. Tumeshindwaje kuongeza stika?

Kwa malori ya usukani wa kushoto yaliyoko hapa kwetu, kibao cha nyuma hakitoshi. Kibao kinamwonya aliye nyuma. Hakimwongezei dereva macho. Kioo cha ziada au kamera ya upande wa kulia iwe sharti la ukaguzi, kama ilivyo breki. Utingo atambuliwe kuwa sehemu ya uendeshaji, afundishwe na awe mtu mzima, asiwe kijana aliyeokotwa kijiweni ili apakue mzigo. Na kwa gari la abiria nisingelegeza hata kidogo. Mtu binafsi anayeendesha Probox yake anajichagulia hatari. Abiria anayeshushwa katikati ya barabara hakuchagua.

Najua jibu la wenye magari: gharama. Najua na jibu la wenye ofisi: mchakato unaendelea. Na najua jibu letu sisi wa kijiweni, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ni mazoea, mbona watu wanaendesha miaka yote. Ni kweli wanaendesha. Mazoea yanamfundisha mtu kusubiri, kuvumilia mkia wa lori, kujua kona zipi hazifai. Lakini hakuna mazoea yanayomfanya mtu aone alichozibwa asione.

Juzi nilimtumia shemeji ujumbe wa sauti kumweleza kwamba naandika makala hii, nikamtania kwamba namdai mshahara wa jicho. Alinijibu akiwa njiani. Alisema Probox bado ina nguvu, dada yangu hajambo, na mtoto wao mkubwa, aliyetimiza miaka tisa, siku hizi wanatoka naye asubuhi akimpeleka shule. Halafu akasema ngoja kidogo, kuna lori.

Ikapita kimya, injini ikinguruma. Kisha nikasikia sauti nyembamba, tulivu, ya mtu aliyeizoea kazi yake: "Bado, baba."